Nilimwandikia "heri", yeye akasoma "jiwe"

BARUA

Shikamoo Mwalimu.

Mimi ni mwalimu wa Kiswahili na Historia katika sekondari moja ya bweni hapa mkoani Dodoma. Jina la shule naomba libaki kwangu, maana mkuu wangu naye ni msomaji wako. Mwaka jana niliitwa ofisini nikaambiwa, "Wewe una moyo, utawashika wale wasioona." Nikapelekwa semina ya wiki mbili, nikarudi na cheti na chati ya nukta nundu, yale maandishi ya wasioona yanayosomwa kwa kidole, ya kubandika ukutani. Hayo ndiyo mafunzo yangu yote.

Ninao wanafunzi wanne. Kuna msichana wa kidato cha tatu, haoni tangu utotoni, vidole vyake vinakimbia kwenye karatasi kuliko macho yangu kwenye gazeti. Kuna mvulana wa kidato cha kwanza, naye haoni tangu azaliwe, lakini alisoma shule ya kijijini kwao ambako hapakuwa na mashine wala mwalimu. Miaka saba alikaa darasani akisikiliza. Wa tatu ni binti mwenye ualbino. Wa nne ndiye anayeninyima usingizi, nitamfikia.

Mwezi wa pili tulipata wageni, wakatuletea kompyuta mpakato sita zenye programu ya kuzungumza. Shule ilishangilia. Tatizo ni kwamba programu inasoma vizuri kwa dakika 40, kisha inanyamaza, mpaka uizime kompyuta na kuiwasha upya. Tena inasoma Kiswahili kama mgeni aliyeshuka uwanja wa ndege leo asubuhi. "Nane" inasema "nein". Hata hivyo mkuu ameona mwanga. Ameniambia nukta nundu ni mambo ya zamani, mashine zetu mbili za Perkins, za kuandikia nukta nundu, ziende stoo na chumba kiwe maabara ya kompyuta. Kusema kweli mashine yenyewe moja ni mbovu: kitufe cha nukta ya 4 hakitoboi, ukiandika "mama" inatoka "kaka".

Yule wa kidato cha kwanza nilimfundisha kibodi, akajifunza kwa wiki tatu tu. Nilifurahi mpaka nilipoona alichoandika: "alafu tulienda kuangalia mpila iyosiku ilikua juma mosi nakuli kuwa najuwa kali". Hakuna nukta, hakuna herufi kubwa, mwanzo mpaka mwisho. Na kwa mdomo huyu mtoto anaongea Kiswahili safi kuliko mimi! Kiingereza ndiyo usiseme. "Knowledge" aliandika "nolej".

Sasa wa nne. Ana miaka 16, yuko kidato cha pili. Miaka miwili iliyopita alikuwa anaona, anacheza namba saba. Presha ya macho ikamwondolea uoni. Kwenye simu janja ni hodari (mkuu amempa ruhusa maalumu, simu inakaa kwangu, anaitumia jioni). Lakini nukta nundu hataki kuzigusa. Anasema ni za waliozaliwa hivyo. Nikimwekea karatasi mbele, anaficha mikono chini ya meza. Siku moja nilimlazimisha, akalia. Sikurudia tena.

Na mimi mwenyewe ni mwongo, Mwalimu. Sijui nukta nundu. Ninasoma kwa macho huku nikitupia jicho chati. Kabla ya mtihani wa muhula nilitaka kumpa moyo yule wa kidato cha tatu. Nikachukua kibao na kalamu ya kutobolea, nikakaa usiku, nikamwandikia neno moja kwenye kadi: "heri". Asubuhi nikampa mbele ya wenzake. Akapitisha kidole, akarudia, akainua uso. "Mwalimu, umeniandikia jiwe." Darasa zima lilicheka, na yeye alicheka, lakini mimi nilitoka nje nikasimama chini ya mbuyu mpaka kengele ilipogonga.

Nifanye nini? Nimfuate mkuu, kompyuta zichukue nafasi ya nukta nundu? Yule kijana nimwache? Au niombe tu uhamisho, aletwe mtu anayejua?

Mwalimu Mwenye Aibu, Dodoma

JIBU

Marahaba, mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili nikicheka peke yangu mpaka mjukuu akaja kuangalia kuna nini. Usinikasirikie. Nimefundisha wasioona miaka mingi na makosa ya nukta nundu nimeyaona mengi, lakini "heri" kugeuka "jiwe", herufi kwa herufi, pasipo hata moja kuharibika, hilo sijawahi kukutana nalo. Acha nikuonyeshe ulichokifanya, kwa sababu ndani yake mna nusu ya majibu unayoyatafuta.

Nukta ni sita: 1, 2, 3 zinashuka upande wa kushoto, 4, 5, 6 upande wa kulia. Hivyo ndivyo zilivyo kwenye chati yako, yaani kwa msomaji. Lakini kibao kinatobolewa kwa nyuma ya karatasi. Unaanza kulia unakwenda kushoto, kisha unageuza karatasi ndipo nundu zinajitokeza upande wa kusoma. Sasa karatasi ikigeuka, kila herufi nayo inageuka, kama uso kwenye kioo. Wewe ulikumbuka kuanza kulia, ukasahau kugeuza herufi zenyewe. H ni nukta 1, 2 na 5; kwenye kioo ni 2, 4 na 5, na hiyo ni j. E na i ni pacha wa kioo, kila mmoja ni mwenzake. R ikigeuka ni w. Haya, soma: h ikawa j, e ikawa i, r ikawa w, i ikawa e. Msichana wako alisoma sawasawa kilichokuwepo.

Yeye alisoma jiwe. Wewe, ukiwa umekaa na chati na macho mawili, usingeliona hilo jiwe hata asubuhi ifike. Basi hapo ndipo lilipo suala la uhamisho. Kusoma nukta nundu kwa macho si dhambi, wengi wetu tunaoona tunasoma hivyo. Ila usisahihishe kazi ya mtoto huku ukichungulia ukutani. Mtoto anasikia kimya chako kila unapogeuza shingo. Chati itoe. Jifunze kuandika kwa kibao kila siku robo saa, uandike kilekile utakachowafundisha kesho, na asubuhi umpe mtu anayesoma kwa kidole akukosoe. Miezi mitatu inatosha kuandika bila kusitasita. Kuomba uhamisho usiombe. Huyo "anayejua" unayefikiri ataletwa, mwanangu, mimi nilimsubiri tangu nikiwa kijana. Aliletwa mara moja, akakaa muhula mmoja.

Wa kukukosoa asiwe yule msichana peke yake. Amekuwa mwema kwako, lakini naye ana kidato cha nne mbele yake, usimgeuze mwalimu wa bure. Watafute watu wazima. Chama cha Wasioona Tanzania kina wanachama hapa Dodoma; Chuo Kikuu cha Dodoma kina wanafunzi wasioona wanaotumia kompyuta na nukta nundu kila siku; Shule ya Msingi ya Wasioona Buigiri ipo hapo Chamwino, kwenye barabara ya Morogoro, si mbali na mji. Nenda hata Jumamosi moja. Ukifika useme ukweli, "nimekuja kujifunza," wala usiseme umekuja kubadilishana uzoefu.

Kuhusu kompyuta. Hiyo inayonyamaza baada ya dakika 40 haijaharibika. Bila shaka ni JAWS, programu ya kusoma skrini kwa sauti, ambayo haijanunuliwa leseni. Ikiwa hivyo inakupa dakika 40 za majaribio kisha inakutaka uwashe upya. Dakika 40 ni kipindi kimoja kamili, sasa waliowaletea walidhani watoto wanasoma kipindi kimoja kwa siku? Weka NVDA, programu ya kazi ileile. Ilianzishwa mwaka 2006 na Michael Curran wa Australia, akaungana na James Teh, wote wawili hawaoni, na inatolewa bure mpaka leo. Inakaa hata kwenye flashi: mwanafunzi anachomeka kwenye kompyuta ya Windows, anaifungua, inaanza kuzungumza, akimaliza anachomoa na kwenda zake.

Ndani ya NVDA mna sauti ya Kiswahili. Imo ndani ya eSpeak, kitoa sauti kinachokuja nayo. Haipendezi, inasema kama mtu aliyemeza bati, lakini "nane" itakuwa nane. Wafundishe kubadilisha sauti wenyewe: somo la Kiswahili sauti ya Kiswahili, somo la Baiolojia sauti ya Kiingereza. Halafu wewe mwenyewe jifunze ukiwa umefunika skrini kwa khanga. Ndiyo, khanga. Kipanya kitie kwenye droo. Bonyeza kitufe cha NVDA (kwa kawaida ni Insert) pamoja na 1, utaingia kwenye msaada wa vitufe: kila utakachogusa kitajitaja jina bila kufanya kazi yake, na ukirudia unatoka. Tafuta vile vinundu viwili vidogo kwenye F na J, vidole vya shahada vikae hapo. Siku utakayoweza kufungua Word, kuandika aya moja, kuihifadhi na kuipata tena bila kuifunua khanga, siku hiyo ndiyo uingie darasani. Kabla ya hapo utajikuta unamwambia mtoto "bonyeza pale juu kulia", naye hana juu wala kulia.

Na walimu wenzako waambie haya mawili. Picha ya ubaoni iliyopigwa kwa simu na kurushwa WhatsApp ni bubu, usitegemee programu ya kusoma skrini iisome sawasawa kama notsi. Wachape. Vichwa vya habari wavifanye kwa mitindo ya Word yenyewe badala ya kukoleza wino tu, ili mwanafunzi aruke kutoka mada hadi mada badala ya kusikiliza kurasa kumi akitafuta swali la mwisho. La pili ni mwalimu wa Hisabati. Simjui lakini najua anachosema: "Hii ukijumlisha na hii unapata hii." Aseme namba. Hata wanaoona watamshukuru.

Sasa nukta nundu au kompyuta. Jibu ulilishika mkononi uliposoma ile insha ya mpira. "Iyosiku", "juma mosi", "nakuli kuwa najuwa kali". Mtoto yule hana kasoro ya akili wala ya lugha. Ameandika kile alichosikia, na sikio halisikii nafasi kati ya maneno. Sikio halisikii herufi kubwa. Hajawahi kugusa mkato. Wewe na mimi tulijifunza kwamba "halafu" ina h kwa kuiona imeandikwa mara elfu, kwenye vitabu, kwenye mabango, kwenye vibao vya daladala. Yeye hajakutana nayo popote. Na Kiswahili kina huruma, kinaandikwa karibu na kinavyotamkwa. Kidato cha kwanza mmemwingiza kwenye Kiingereza, lugha ambayo "knowledge" inaanza na k isiyosikika. Hapo sikio litamsaidia nini? "Nolej" ni kazi safi ya mtu mwenye masikio mazuri.

Ndiyo maana nasema kompyuta ije, na ije haraka, lakini isije ikachukua kiti cha nukta nundu. Inayozungumza humpa mwanafunzi kasi na vitabu, na barua yake ikasomwa na mtu yeyote. Kusoma kwenyewe, pale akili inapokutana na neno lililokaa mahali pake limetulia, kunatoka kwenye kidole. Mvulana huyo mpe kila siku ukurasa mmoja wa Kiswahili wa nukta nundu ausome, kisha uleule auandike kwenye kompyuta. Asikariri kanuni. Agusane na maneno tu.

Mkuu wa shule hatachukua muda wetu. Ipo Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010, na ningependa uijue, lakini usimwanzie nayo, mkuu akisikia sheria anajihami. Mwambie hivi: mtihani wa taifa unamfikia mtahiniwa asiyeona kwa nukta nundu, na mwenye uoni hafifu kwa maandishi makubwa. Mtoto ambaye hajazoea kusoma kwa kidole atakaa nao mbele yake kama mimi niliyewekewa Kichina, na matokeo yatabandikwa kwa jina la shule. Hapo ataelewa. Kisha umkumbushe siku TANESCO wanapokata umeme Perkins haizimiki. David Abraham aliitengeneza shuleni Perkins huko Marekani, ikaanza kutoka mwaka 1951, na umbo lake la asili halijabadilika sana tangu hapo.

Ile mbovu usiipeleke stoo wala usiichokonoe kwa kisu. Wala usiitie mafuta ya kupikia, nimeyaona hayo kwa macho yangu na ile mashine haikufufuka. Adui mkubwa ni vumbi letu. Ifunike kwa kitambaa kila baada ya kipindi, mpe fundi anayezijua aisafishe, Buigiri watakuelekeza kwa nani. Lakini kabla ya fundi nina kazi nayo, ngoja kwanza.

Binti mwenye ualbino umemtaja kwa mstari mmoja ukapita, na hilo limenigutusha, maana ndivyo tulivyofanya sote. Macho yake yanaona. Hafifu, lakini yanaona. Kama umempa nukta nundu, nina hakika anazisoma kwa macho, ameinama pua inagusa karatasi, shingo inamuuma na kichwa kinamgonga jioni. Nilikuwa na mtoto kama huyo miaka ya nyuma. Baada ya mauaji yale yaliyoshika kasi kuanzia 2007, watoto wengi wenye ualbino waliletwa kwenye shule za wasioona ili wawe salama, na sisi tukawafundisha tulichokuwa nacho. Huyu wangu alikuwa anachungulia nukta. Nikamfunga kitambaa machoni ili atumie vidole. Mimi, kwa mikono yangu, nikiamini namsaidia. Aliniambia baadaye sana, akiwa mtu mzima, kwamba kila nilipokifunga alidhani ninamfundisha kuwa kipofu.

Kwa hiyo wako mwondoe kwenye nukta nundu. Mkalishe mbele, mgongo uelekee dirishani, mwanga wa jua la Dodoma usimpige usoni. Mruhusu avae kofia hata darasani. Mchapishie notsi kwa herufi kubwa. Kwenye kompyuta abonyeze kitufe cha Windows pamoja na alama ya kujumlisha, kikuzaji kitafunguka. Ageuze rangi, maandishi meupe juu ya weusi, aone yapi yanampumzisha. Apelekwe kliniki ya macho apimwe miwani na kifaa cha kukuzia, usikadirie wewe.

Nimemwacha kijana wa mwisho makusudi.

Hachukii nukta. Kuzigusa kwake ni kutia sahihi kwamba macho hayarudi, na nani alimuuliza kama yuko tayari kutia sahihi? Simu haimdai hilo. Simu wanayo wote, wanaoona na wasioona. Kwa hiyo usimhubirie. Usimletee habari za Louis Braille, kwamba alijiumiza jicho akiwa na miaka mitatu kwa chuma cha kutobolea ngozi cha baba yake mpaka akapofuka, na kwamba mwaka 1824, akiwa na miaka 15, mdogo kuliko yeye, alikuwa ameshaupata mfumo huu. Ni kweli na ni hadithi nzuri. Lakini kijana mwenye hasira akiletewa shujaa, anamchukia na huyo shujaa.

Anzia kwenye simu yake. Jioni anapoitumia, anatuma ujumbe kwa njia gani? Kwa sauti. Bweni zima linasikia anachomwambia mama yake, na anachomwambia mtu mwingine asiyetaka ajulikane. Ana miaka 16, mwanangu, utakuwa umekumbuka ulivyokuwa. Kwenye mipangilio ya TalkBack, kisoma skrini cha simu za Android, tangu mwaka 2020, mna kibodi ya nukta nundu: anaishika simu kwa mikono miwili, kioo kikitazama mbele, mbali naye, vidole sita vinagusa kioo kama vitufe vya Perkins. Haandiki kwa kuongea, na akivaa spika za masikioni hakuna anayejua ameandika nini. Kwa Kiswahili achague nukta nundu za Kiingereza zisizo na vifupisho, herufi ni zilezile. Ile alama ya kwenye "ng'ombe" ni nukta ya 3. Siku atakapofungua laini ya pesa, namba ya siri ataiandika yeye, hatamtajia wakala wala rafiki. Usimwambie yote haya. Mwambie tu kwamba ipo njia ya kuandika ambayo bweni halisikii, halafu ondoka.

Akirudi kukuuliza, na atarudi, ndipo ile mashine mbovu inapoingia. Kitufe cha 4 hakitoboi, sivyo? Vizuri. Mwanzishie kwa herufi nne: a, b, k, l. Zote zinakaa kwenye nukta 1, 2 na 3, nguzo ya kushoto tu. A ni 1, b ni 1 na 2, k ni 1 na 3, l ni zote tatu. Mashine haina haja ya kitufe cha 4 hata kidogo. Na kwa herufi hizo nne, siku ya kwanza, dakika ya ishirini, anasoma "baba", "kaka", "lala", "kabla". Maneno, si alfabeti. Ongeza u na r, umepata "kula", "kura", "ruka", "rula". E na i usizilete katika wiki ileile, wala h na j, wala d na f. Wewe mwenyewe unajua kwa nini. W iache ya mwisho. Ilichelewa hata kwa Braille, Kifaransa hakikuwa na haja nayo, ndiyo maana haifuati mpango wa wenzake, na sisi bahati mbaya tunayo kila kona.

Mistari uiachanishe, ruka mmoja kila mara. Kidole kiguse kama kinampapasa kifaranga. Akikandamiza, nukta zinalala na ncha ya kidole inakufa ganzi. Kiende kulia moja kwa moja, kisisugue juu na chini. Mkono wa kulia usome, wa kushoto umsubiri mwanzoni mwa mstari unaofuata. Na mikono iwe na joto. Hili hawakukwambia semina: Juni na Julai, asubuhi ya Dodoma yenye upepo ule, kidole cha baridi hakisomi. Nilikuwa nawapa wanafunzi vikombe vya uji wavishike kwanza, kisha wanywe, kisha tusome. Waliodhani ni ukarimu wangu waliendelea kudhani hivyo.

Alipolia siku ile, ulifanya vizuri kuacha. Ila usimwache. Nenda kamwambie kwamba ulikosea kumlazimisha, kwa maneno hayohayo. Kisha msomee kisa cha kadi. Mwambie mwalimu mzima, mwenye cheti ukutani, alikesha na kibao akamwandikia mwenzao jiwe. Mpe kadi yenyewe aishike. Hapo usiseme neno, mwache na udadisi wake. Kama ana kipaji cha mpira ana kipaji cha mafumbo, atataka kujua heri iligeukaje.

Karatasi za mashine ni ghali na najua fungu lenu. Kalenda za ukutani za mwaka uliopita zinafaa sana kwa mazoezi, karatasi yake nzito inashika nundu, na mji huu wa maofisi hauna upungufu wa kalenda. Zangu nimezikusanya tangu mwezi wa kwanza. Nimezifunga kwa katani, ziko kwa mhariri wa safu hii, njoo uzichukue Ijumaa yoyote ukija mjini. Juu nimeandika: "Za Mwalimu wa Jiwe."